Kidani Chini ya Mbeleko

Mtoto aliyebebwa mgongoni haoni mbali. Dunia yake yote ni shingo ya mama, ukingo wa mtandio, na jasho linaloshuka taratibu nyuma ya sikio. Lakini anayedhani kwamba mtoto huyo haoni kitu anajidanganya. Hapo hapo kwenye kisogo ndipo anapojifunza jinsi mama anavyogeuka akiitwa, anavyonyamaza akitukanwa, na anavyoshika njia akiwa na haraka. Ndiyo maana waliotutangulia wakasema kuwa mwana hutazama kisogo cha nina, na nina ndiye mama. Salme wa Nangara, mjini Babati, aliusikia msemo huo tangu utotoni, ila hakujua kwamba siku moja angeubeba mgongoni mwake na kuvuka nao mpaka wa nchi.

Salme alikuwa mama kijana wa mtoto mmoja, Amira, aliyekaribia kutimiza miaka miwili. Mchana alimsaidia mama yake, Mwanne, katika duka lao la vitambaa lililokuwa mbele ya nyumba yao. Jioni, wenzake walipokuwa wakikoleza mikaa, yeye alifunga mbeleko na kwenda kwenye masomo ya jioni kurudia kidato cha nne. Majirani hawakuacha kumtania.

"Mama Amira, angalia! Huyo mtoto atafaulu kabla yako."

"Akifaulu yeye nimefaulu mimi," Salme aliwajibu huku akicheka, na safari ikaendelea.

Katika ukoo wao kulikuwa na kidani cha dhahabu, kizito, chenye vijani vilivyopangwa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kilitoka Pwani kikiwa shingoni mwa bibi yake Salme, mama wa baba yake, alipoolewa na kuletwa Babati enzi ambazo mji ulikuwa na maduka ya kuhesabika. Tangu hapo hakuna binti wa ukoo huo aliyeolewa bila kukivaa. Harusi ikiisha, kidani kilirudi Babati. Na desturi ilikuwa moja tu: anayekileta ndiye anayekivisha. Heshima hiyo haikutolewa kwa umri wala kwa ufundi wa kusema. Ilitolewa kwa kuaminika.

Bibi alipokaribia kuiaga dunia hakukiacha kidani kwa Mariamu, binti yake wa kumzaa. Alikiacha kwa mkamwana wake, Mwanne. Shangazi Mariamu alilipokea jambo hilo kwa tabasamu, lakini lilimkaa kooni kama mwiba wa perege.

Basi Shani, binti wa baba yake mdogo Salme aliyekuwa akiishi Nairobi, akaposwa, na siku ya harusi ikapangwa. Wakati huo goti la Mwanne lilikuwa limevimba, hata kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa kazi. Aliwaita ndugu sebuleni, akakitoa kidani katika kisanduku chake chekundu cha mahameli, akamkabidhi Salme mbele ya wote.

Shangazi Mariamu aliweka kikombe chini.

"Wifi, unamtuma Salme? Huyu ambaye juzi tu tulikuwa tunamfuta kamasi?"

"Huyu huyu," Mwanne alijibu.

"Nairobi siyo kijijini Bonga! Kule wezi wanakuvua soksi na kiatu bado umekivaa."

"Ndiyo maana mtakwenda wote wawili. Wewe utamwonyesha njia, yeye atakibeba."

Watu waliangua kicheko, na shangazi naye akacheka, ingawa kicheko chake hakikufika machoni. Kisha akatoa masharti. "Sawa. Lakini kikae ndani ya kisanduku chake, kisanduku kikae ndani ya mkoba, na mkoba upigwe kufuli. Dhahabu ya mama yangu haisafirishwi kama vitunguu."

Salme aliitikia, maana mdogo hashindani na mkubwa mbele za watu.  Alikuwa ametamani kwa muda mrefu kuaminiwa na ukoo wake katika jambo kubwa, na sasa lilikuwa limekuja. Akikifikisha kidani, mikono yake mwenyewe ingekifunga shingoni mwa Shani. Akikipoteza, jina lake lingetajwa katika kila harusi ya ukoo huo, na si kwa wema.

Usiku ulipoingia na wageni wakaondoka, alimwuliza mama yake, "Mama, wewe ulipokuwa ukisafiri nacho, ulikuwa unakiweka wapi?"

Mwanne alimkazia Amira mbeleko mgongoni mwa Salme, akaipigapiga kidogo kama mtu anayejaribu mto. "Mimi nilikuwa na mahali pangu. Wewe una macho na una akili. Nenda, mwanangu."

Waliondoka kumepambazuka. Tangu basi lilipoipa Babati kisogo, Shangazi Mariamu alikuwa kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Aliwasimulia abiria harusi itakavyokuwa, nyama itakayoliwa, na kidani cha marehemu mama yake. Walipofika Arusha, nusu ya basi ilikwishajua kwamba katika kiti kile kuna dhahabu, na nusu nyingine ilikuwa ikiulizia.

"Shangazi," Salme alimnong'oneza, "tusikitaje sana."

"Kwani tumeiba?" shangazi alijibu kwa sauti ile ile. "Cha halali hakifichwi."

Huko Namanga abiria waliteremka kugongesha mihuri hati zao za safari. Salme alikaa kwenye benchi ili ambadilishe Amira nepi. Pembeni yake alikuwapo mzee mmoja ameshika mkoba magotini, machozi yakimlengalenga. Kufuli la mkoba wake lilikuwa zima, limefungwa barabara. Ubavuni ndiko wembe ulikopita, na vyote vya maana vilikuwa vimekwenda.

"Pole, baba," Salme alimwambia.

"Nimeshapoa, binti yangu. Nilikuwa nalinda kufuli, kumbe wenzangu hawakuwa na haja nalo."

Salme aliutazama mkoba wake mwenyewe na kufuli lake linalong'aa, akajiona kama mtu aliyetia komeo mlango wa kibanda cha nyasi. Afanye nini? Akamtazama Amira, ambaye alikuwa amenyoosha mikono akitaka kurudishwa mgongoni. Mara kumbukumbu moja ikamjia, wazi kama kwamba ni ya jana.

Alikuwa msichana mdogo akimfuata mama yake minadani, enzi ambazo Mwanne alikuwa akitandika vitenge vyake chini na kuuza huku mdogo wake Salme, Muzamil, yuko mgongoni. Jioni walipofika nyumbani na mbeleko ikafunguliwa, Muzamil alikuwa na alama nyekundu tumboni, mistari na vipande vya duara. Wajomba walikuwa wakicheka, "Huyu mtoto amezaliwa na chapa ya benki!" Salme alicheka nao bila kuelewa. Mauzo yote ya mnada yalikuwa yakisafiri katika kifuko kilichoshonewa ndani ya mbeleko, kati ya mgongo wa mama na tumbo la mwana. Mwizi anaweza kuchukua mkoba, anaweza kuchana mfuko, lakini kumvua mama mtoto wake bila mtoto kupiga yowe, huyo mwizi bado hajazaliwa.

Na siku moja huko huko mnadani mtu alipaza sauti, "Mwizi! Mwizi!" Kila mtu akashika alipoficha fedha zake, huyu kiunoni, yule kifuani. Mwanne peke yake hakujigusa. Aliendelea kukunja kitenge. Walipokuwa njiani alimwambia bintiye, "Mwizi hakuulizi mali iko wapi. Anakupigia kelele, kisha anautazama mkono wako unakokimbilia."

Salme hakusubiri kukumbushwa mara ya pili. Aliingia msalani, akakitoa kidani, akakiviringisha katika mtandio laini, akakipachika ndani ya pindo la mbeleko na kulikaza kwa pini kubwa za nepi. Halafu akamrudisha Amira mgongoni, juu ya dhahabu ya nyanya yake mkuu. Ili kisanduku chekundu kisionekane chepesi, alikijaza biskuti za Amira, akakirudisha mkobani na kupiga kufuli kama shangazi alivyoagiza.

Alitaka kumwambia shangazi. Lakini alipomkaribia alimkuta kwenye foleni, akimsimulia kidani mwanamke asiyemjua hata kwa jina. Kumwambia shangazi ilikuwa sawa na kumwambia Namanga yote. Salme akaufunga mdomo wake kama alivyoifunga mbeleko.

Waliingia Nairobi jua likiwa bado juu. Walishuka katika kituo cha mabasi chenye watu kama siafu, wakasimama kando ya barabara kusubiri teksi. Mara akawajia mwanamke mmoja nadhifu, amempakata mtoto mchanga na ana mfuko begani.

"Habari, siste. Nyinyi ni wa Tanzania, nimewasikia kwa lugha. Hebu nishikie mtoto kidogo nifunge kiatu, nitaanguka."

Huko Babati, mtoto aliye njiani hana mwenyewe. Mama akipanda gari na mizigo, aliyekaa karibu humpokea mtoto kwanza, majina yatafuata baadaye, au yasifuate kabisa. Salme hakufikiri mara mbili. Aliuweka mkoba katikati ya miguu yake akampokea mtoto kwa mikono yote miwili. Alikuwa mwepesi, ananukia maziwa.

Kufumba na kufumbua, mwanamume mwenye sweta la kijivu aliinama, akauchomoa mkoba na kutoweka katikati ya watu. Salme alipogeuka, yule mwanamke alimnyakua mtoto wake akapotelea upande wa pili. Kiatu chake hakikuwa hata na kamba.

"Mwizi!" Shangazi Mariamu alipiga ukelele uliowafanya hata makondakta wanyamaze. "Kidani! Kidani cha mama yangu! Salme, kimbia! Mfukuze! Mbona umeganda kama nguzo ya umeme?"

Salme alisimama. Mkono wake wa kulia ulianza kurudi nyuma wenyewe kutafuta mgongo. Wakati huo huo kijana mmoja mwenye kofia alikuwa amekwisha kuwafikia, amejaa huruma.

"Pole sana, mathe! Hebu angalieni kama wamechukua vitu zingine. Angalia vizuri pahali uliweka!"

Maneno yalikuwa ya huruma, lakini macho ya kijana hayakuwa usoni mwao. Yalikuwa kwenye mikono yao. Salme akakumbuka kitenge kilichokuwa kikikunjwa taratibu katikati ya kelele za mnada. Mkono wake ukaishia njiani, ukapanda kichwani, ukatengeneza mtandio. Shangazi yeye alijipiga ubavuni kwenye mfuko wa ndani wa baibui, akashusha pumzi.

"Angalau hivi vipo!" alisema.

Kisha akamgeukia Salme, na hapo akamimina yote yaliyomkwama kooni miaka yote ile. "Nilisema mimi! Nilisema huyu ni mtoto! Hicho kisomo chako cha jioni ndicho kilichokufundisha kupokea watoto wa wezi? Leo umetuvua nguo, Salme. Umetuvua nguo ukoo mzima!"

Watu walikuwa wakitazama. Neno moja tu lingemwokoa Salme na aibu ile, nalo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kijana mwenye kofia alikuwa bado amesimama pale, na pengine si yeye peke yake. Salme alijikaza kisabuni. Machozi yalimtoka kweli, na hakuyazuia. Yalikuwa ya yule mtoto mchanga anayenukia maziwa, aliyefanywa chambo kabla hajajua hata kukaa.

Shangazi alikwishapiga simu Babati. "Wifi! Kimeibiwa! Ndiyo, kimekwenda! Muulize mwenyewe huyu mwanao uliyemwamini!" Akaisukuma simu sikioni mwa Salme.

"Mama, shikamoo," Salme alisema.

"Marahaba." Sauti ya Mwanne ilikuwa nyembamba. "Salme?"

"Sisi wazima, mama. Amira naye mzima. Yuko mgongoni, nimembeba."

 Salme alisikia upande wa pili mlango wa duka ukisukumwa na mtu akiulizia bei ya kitambaa, asijibiwe. Kisha sauti ya mama yake ikarudi, na sasa ilikuwa na joto.

"Mbeleko umeikaza?"

"Nimeikaza, mama."

"Basi usimteremshe mpaka mfike kwa baba yako mdogo." Na kabla simu haijakatika, Salme alimsikia akivuta pumzi ndefu, kisha akimwambia yule mteja, "Karibu mwanangu, ulitaka rangi gani?"

Ndani ya teksi shangazi alilia njia nzima. Walipokaribia kufika alitia mkono ubavuni kutafuta leso, akapiga ukelele mwingine. Mfuko wa baibui ulikuwa mtupu. Bangili zake alizozificha humo akiogopa kuzivaa safarini zilikuwa zimekwenda, na kijana mwenye huruma alikuwa amekwenda nazo.

Nyumbani kwa baba mdogo habari zilikuwa zimetangulia. Wanawake walikuwa wamejikunyata sebuleni kama wamefiwa, na Shani, mikono imechorwa hina hadi viwikoni, alikuwa akilia bila kuweza kujifuta. Mama yake Shani alimpokea Salme kwa upole unaouma kuliko matusi. "Pole, mwanangu. Mali inatafutwa. Kaa."

"Asante, mama mdogo. Kwanza naomba nimlaze mtoto."

Salme alipiga magoti juu ya mkeka katikati ya sebule. Alimteremsha Amira taratibu, akamlaza. Kisha akaitandika mbeleko mapajani, akafungua pini moja baada ya nyingine, akaukunjua mtandio. Kidani kiling'aa kama jua linapochomoza nyuma ya mlima Kwaraa.

 Kisha Shani akapiga kigelegele, cha kwanza katika harusi yake, na alikipiga bibi harusi mwenyewe. Sebule nzima ikamwitikia. Amira akaamka, akakaa, akafunua tumbo lake kujikuna. Tumboni palikuwa na vijani vidogo vidogo vyekundu, vimejipanga kama punje kwenye gunzi.

"Kumbe kilikuwa hapo!" Shangazi Mariamu alisema. Macho yalikuwa yamemtoka pima. "Na matusi yote yale ukanyamaza?"

"Shangazi, ningesema, wangesikia wengi."

 Shangazi akafanya jambo ambalo Salme hakulitarajia. Aliketi mkekani kando yake, akamchukua Amira, akaipapasa ile chapa kwa ncha za vidole. "Mama yangu alijua alikokiacha," alisema polepole. "Mimi ningekwisha kukitia mkobani."

Siku ya harusi, mbele ya ndugu wa pande zote mbili, Salme alisimama nyuma ya Shani na kukifunga kidani shingoni mwake kwa mikono yake mwenyewe.  Wazee wakaulizana, "Huyu ni binti wa nani?" na wakajibiwa, "Ni wa Mwanne, yule wa Babati." Salme alilisikia jibu hilo, akainua kichwa kidogo.

Katika safari ya kurudi, walipokuwa Namanga, mama mmoja mwenye mizigo alimwomba amshikie mtoto. Shangazi alimfinya Salme haraka, lakini yeye alikwisha kunyoosha mikono. Hakuwa na mkoba wa kulinda. Mali ilikuwa mahali pake, na mikono yake ilikuwa huru kumpokea mtoto wa mwenzake kama kawaida ya kwao.

Mwanne aliwapokea mlangoni akiwa ameegemea mkongojo. Hakuuliza kidani kiko wapi. Alizunguka nyuma ya bintiye, akaweka kiganja juu ya mbeleko, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shangazi Mariamu ndiye aliyesimulia, na kadiri siku zilivyopita, simulizi ikawa inaanza na maneno, "Mimi na Salme tulipowapiga chenga wezi wa Nairobi..." Salme hakumsahihisha. Mwanne alicheka hadi goti likamwuma.

Katika mambo yote yaliyotokea, aliyepata hasara bila faraja alikuwa Amira, kwa sababu ya biskuti zake. Kila alipomwona mtu ameshika kisanduku, alinyoosha kidole na kusema kwa uchungu, "Biku yangu! Mwizi!"

Haukupita muda mrefu, Salme akiwa anajiandaa kwenda kwenye masomo ya jioni, Amira alimjia bibi yake akiburuta mwanasesere wa matambara na kipande cha kanga. Aligeuka, akatoa mgongo, akataka abebeshwe. Mwanne alimfunga kwa uzuri, fundo likakaa kifuani. Alipopitisha mkono mgongoni kuinyoosha kanga, alikuta kitu kigumu kati ya mwanasesere na mgongo wa mtoto.

"Amira, hiki nini?"

Mtoto hakujigusa wala hakugeuka. Alitengeneza kitambaa cha kichwani kwa mkono mmoja, akaanza kutembea kuelekea mlangoni kwa madaha.

"Mtoto amelala, bibi," alisema.

Mwanne na Salme wakatazamana. Zilikuwa biskuti mbili, zimeviringishwa katika leso, na kanga imekazwa barabara. Hakuna aliyemfundisha kwa mdomo, kama ambavyo Salme naye hakufundishwa. Hakika, mwana hutazama kisogo cha nina.